Lugha mbili na akili iliyokazwa

Kati yetu ni wachache sana wenye lugha moja tu. Nyumbani twasema Mashi, Kirega ao Kitabwa, sokoni Kiswahili, darasani Kifaransa. Basi ulizo hili la wajuzi latuhusu: lugha mbili zatawanya akili, ao zaikaza? Majibu yao ni mengi. Tuyapime.

Mwaka 1923 Bwana Saer alitoa habari za watoto 1400 hivi wa Wales aliowapima akili. Vijijini, wenye kusema Kiwelshi na Kiingereza walishindwa na wenye Kiingereza tu. Akasema kwamba lugha mbili zavuruga akili. Lakini mijini tofauti ile haikuonekana. Kama lugha ndiyo yenye kosa, mbona mjini haikukosa?

Mwaka 1962 Peal na Lambert walileta habari nyingine toka Montréal: watoto wa miaka kumi wenye lugha mbili waliwashinda wenzao. Lakini walikuwa wamechagua wale tu waliozijua zote mbili sawasawa. Labda watoto hao walikuwa hodari tangu mwanzo.

Mwaka 2004 Bialystok na wenzake waliwaonyesha watu alama ya rangi, kuume ao kushoto. Ilifaa kufuata rangi na kutojali mahali. Wenye lugha mbili, zaidi wazee, hawakupotezwa upesi na mahali. Sababu yao: anayesema lugha moja huizuia nyingine, na mazoezi hayo hukaza akili. Fikira nzuri! Kila mhubiri aliyetafuta neno la Kiswahili akaletewa la Kifaransa aijua kazi hiyo. Lakini, katika sehemu ya kazi yao, wa lugha mbili walikaa India na wa lugha moja Kanada. Hapo si ulimi tu uliokuwa tofauti.

Tena, mwaka 2015 de Bruin na wenzake walionyesha kwamba kazi zenye kusifu lugha mbili zilichapwa kwa urahisi kuliko zenye kukana. Mwaka 2018 Lehtonen na wenzake walikusanya kazi 152 juu ya watu wazima. Walipoondoa upendeleo huo, faida haikuonekana.

Kwa hiyo twakataa hofu ya kwanza, wala hatushangilii sifa ya pili. Tulipokuwa watoto tulimwona mwenzetu akivikwa kibao shingoni kwa neno moja la kwao lililomponyoka darasani. Walisema ni kwa faida ya akili yake. Haikuwa kweli, alijifunza haya tu. Lakini tukiitetea lugha ya kwao kwa kusema itamwongezea akili, tutafanya nini siku wapimaji watakaposema haiongezi? Tutamrudishia kibao?

Lugha ya watu haihitaji kulipa kodi hiyo. Mgonjwa anayeungama kwa Mashi hatuulizi kama akili yetu imekazwa. Ataka kusikiwa. Hiyo yatosha kuwa sababu ya kujifunza lugha yake, na ya kutoiacha yetu.