Mafundi wa Nzi Bandia wa Kenya
Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliletwa kutoka Uingereza mwaka 1905 na kupandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Wavuvi wa trauti walihitaji chambo cha nzi bandia, na kuwatengeneza nzi hao kukawa ufundi wa Wakenya, wengi wao wanawake. Ni ustadi unaostahili sifa kubwa kuliko unayopewa. Fundi hubana ndoana kwenye jiliwa, huizungushia uzi mwembamba, kisha huviringisha unyoya wa shingo ya jogoo hadi nyuzi zake zisimame kama miguu ya mdudu. Fundo la mwisho hukazwa nyuma ya tundu la ndoana. Likilegea, kazi yote hufumuka. Nzi hao huuzwa Ulaya na Marekani.