Jicho na Sikio la Mkusanya Santuri

Santuri ya zamani ikiwekwa mezani hapa Kanduyi, mkusanyaji anayeijua kazi yake haanzi kwa kuuliza aliyeimba ni nani. Huishika ukingoni kwa viganja, vidole visiguse mifuo, akaiinamisha penye mwanga wa dirisha na kuizungusha polepole. Anatafuta jibu la swali moja: hili ni doa la uchafu, au ni jeraha?

Vumbi la kiangazi huingia ndani ya mifuo, mvua ikaleta ukungu, na mchwa wakala majalada. Vumbi na ukungu hutoka kwa maji safi, tone la sabuni na kitambaa laini, mkono ukifuata mzunguko bila kulowesha lebo. Sahani za kale za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa shelaki, haziguswi kwa spiriti, maana huziyeyusha.

Jeraha haliosheki. Mkwaruzo uliokata mifuo hugonga kila sahani inapozunguka, mara 45 kwa dakika kwenye santuri ya 45. Ule uliofuata mfuo ni mbaya zaidi: sindano hunasa, ikarudia neno lilelile. Ukijivu uliotanda juu ya weusi ni dalili ya sindano butu iliyolemewa na mkono mzito wa mashine. Hapo sauti imeshaliwa.

Baada ya jicho, sikio. Wakusanyaji wa Ulaya wanaopenda santuri za Beethoven hupima ukimya, pale okestra inapotua na chochote kinachochakacha ni kasoro. Kipimo hicho hakitoshi kwa omutibo, upigaji gitaa wa Waluhya. Katika Abana ba Nasery wa Bunyore, Shem Tube aliimba akicharaza gitaa, Justo Osala akashika la pili, na Enos Okola akakwaruza chupa ya Fanta. Mwenye haraka atasema santuri imechakaa. Fundi hutulia: mchakacho unaokwenda na wimbo na kupumzika nao ni mkono wa Okola, unaofuata mzunguko wa sahani ndio jeraha.

Kisha husoma namba iliyochongwa kati ya mfuo wa mwisho na lebo. Majalada hubadilishwa na lebo huchakaa, lakini namba ile hubaki kueleza sahani ilitoka katika chapa ipi. Halafu husikiliza pande zote mbili. Nyimbo nyingi za benga za miaka ya 1970 zilikatwa sehemu mbili, moja kila upande, kwa hiyo upande mmoja ukiharibika, nusu ya wimbo imepotea.

Ninachokiheshimu zaidi kwa watu hawa ni ukweli wao. Humtajia mnunuzi kila kasoro kabla ya kutaja bei, wala hawaishushi thamani sahani kwa sababu tu imechoka. George Mukabi, bingwa wa omutibo, alifariki mwaka 1963. Hatarudi studio kutuimbia upya.

Kwa hiyo, uliyerithi sanduku la santuri Kitale au Bungoma, usizilaze zikalemeana wala usizianike juani. Zisimamishe wima kivulini. Na ile iliyojaa mikwaruzo usiitupe kabla ya fundi wa namna hii kuisikiliza. Huenda nakala nyingine ya wimbo huo haipo tena.