Weda Zinazopumua: Kavu Ndani ya Thuchi!

Kavu! Soksi kavu, suruali kavu, na mimi ndio kwanza nimetoka kusimama ndani ya Thuchi, maji yakinifika kiunoni. Anayeujua mto huu unaogawa Embu na Tharaka Nithi anaijua pia baridi yake: inashuka moja kwa moja kutoka Mlima Kenya, na mguu usiokingwa hufa ganzi kabla hujarusha ndoano mara ya pili. Leo ganzi haikunipata. Nilivaa weda mpya, ile ovaroli isiyopitisha maji inayofika kifuani, na tangu nitoke mtoni sijanyamaza!

Mwanzoni nilichekwa. Kijana mmoja aliyekuwa akichuma majani chai aliniangalia akauliza, “Mzee, moto uko wapi?” Acha acheke. Trauti hufuatwa kwenye baridi yao. Samaki hawa ni wageni: Ewart Grogan aliwaleta mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, akawatia mto Gura kule Aberdare, kisha wakaenezwa kwenye mito ya mlima. Uvuvi huo uliota mizizi hadi mji wa Embu ukawa na hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu chake mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653.

Maji yakizidi nyuzi 20 hivi, trauti huanza kutaabika. Kwa hiyo iwe mto Rupingazi, Mutonga au Kathita, unapanda, unapita mashamba ya chai ya Nyayo, unaingia msituni. Gari limebaki nyuma. Sasa ni ngema, matope, thabai na miguu yako. Ndiyo maana nasema: huku kwetu, weda huchaguliwa kwa jinsi utakavyotembea nayo kabla ya kuulizwa itakavyosimama majini.

Kipimo hicho kinaangusha nyingi. Zile za plastiki ni rahisi na hazivuji zikiwa mpya, lakini ukipanda ngema moja tu unaiva ndani kama nduma kwenye sufuria. Za neoprini, ule mpira mnene wa suti za wapiga mbizi, zinatia joto tamu ukisimama. Ukitembea, ni adhabu. Hizi zangu zina utando wa jamii ya ule aliougundua Bob Gore mwaka 1969: vitundu vyake ni vidogo mno kwa tone la maji, lakini mvuke wa jasho unapenya. Nimepanda, nimeshuka, nimepanda tena, na mgongo haukulowa! Sikuamini, nikaingiza mkono kuhakikisha.

Na miguu je! Badala ya gambuti iliyogandishwa kwenye suruali, chini kuna soksi za neoprini, juu yake unavaa kiatu chako cha mtoni na kukaza kamba. Kifundo kimeshikwa barabara. Hili si jambo dogo kwenye mawe ya volkano yaliyopakwa ukungu wa kijani, tena katika msitu wenye ndovu. Ukisikia matawi yakivunjika, hutaki gambuti inayochomoka. Chagua kiatu kikubwa kidogo ili soksi ienee bila kubana vidole. Soli ya mpira yenye njumu za chuma inang’ata jiwe vizuri. Soli ya sufi nayo inashika, ila hukawia kukauka na hubeba vijidudu kutoka mto hadi mto. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008.

Kabla ya kulipa, ivae juu ya nguo nzito, inua goti hadi kiunoni, kisha chuchumaa. Ikikuvuta begani au kwenye msamba, irudishe. Angalia goti na makalio: yawe na kitambaa cha ziada. Mishono isipite katikati ya mapaja, maana huko ndiko msuguano huila. Mkanda wa kiunoni ni lazima, tena ukazwe. Ukiteleza, ndio unaozuia maji kujaza miguu.

Kasoro? Bei inauma, na mwiba hauheshimu bei. Lakini tundu dogo hutafutika: igeuze ndani nje, paka spiriti, na panapovuja pataonekana kama doa jeusi. Gundi kidogo, imepona. Ianike kivulini, kamwe si karibu na moto.

Anayevulia bwawani nyumbani abaki na plastiki yake, itamfaa. Lakini wewe unayepanda hadi maji yanapouma, weka akiba, ruka za kati, nunua inayopumua. Mimi sirudi nyuma!