Uso Uliokazwa Husomwa Sikioni

Katikati ya miaka ya 1990 madaktari wanne wa Marekani walikubali jambo ambalo watu wa fani yao hulikwepa: kupimwa hadharani, mmoja kando ya mwenzake. Zilipatikana jozi mbili za pacha wa kufanana, na kila pacha akawa na daktari wake: Daniel Baker, Sam Hamra, John Owsley na Oscar Ramirez, kila mmoja na mbinu yake ya kukaza uso. Picha zilipigwa baada ya mwaka 1, baada ya miaka 6 na baada ya miaka 10. Ripoti ikatoka mwaka 2009, mwandishi wake wa kwanza akiwa Bernard Alpert.

Jozi mbili ni chache mno kumvika mtu taji. Kinachonivutia ni ratiba ya picha zile. Hakuna aliyehukumiwa kwa picha ya wiki ya tatu. Mkazi wa Blaine, kaskazini mwa Minneapolis, akifungua simu yake leo atakutana na picha za "kabla" na "baada" zisizosema ni baada ya muda gani. Uvimbe wa upasuaji hujaza mikunjo, na uso wa wiki ya sita mara nyingi huwa laini kuliko utakavyokuwa mwakani. Picha isiyo na tarehe mimi siihesabu kuwa ushahidi.

Ili kujua pa kutazama, yafaa kujua kilichotendeka chini ya ngozi. Eugen Holländer wa Berlin alisimulia baadaye kwamba mwaka 1901 alimkata mteja vipande vya ngozi na kumshona ili mashavu yakazike. Kwa miongo mingi kazi ilibaki hiyohiyo: kata, vuta, shona. Ni kama kukaza shuka juu ya godoro lililobonyea. Ngozi ina tabia ya kutanuka tena, na kilicholegea hasa si ngozi peke yake bali nyama na mafuta yaliyo chini yake.

Mabadiliko yalianza Uswidi. Mwaka 1974 Tord Skoog alieleza namna ya kuinua ngozi pamoja na tabaka lililo chini yake. Miaka miwili baadaye Vladimir Mitz na Martine Peyronie wa Paris wakalichambua tabaka hilo la nyuzi na misuli na kulipa jina, SMAS, ambalo kila daktari wa fani hii hulitamka leo. Mwaka 1990 Hamra akaenda ndani zaidi. Alipita chini ya tabaka hilo, akaachanisha kano zinazolishikilia kwenye mifupa ya uso, kisha akaliinua likiwa bado limegandamana na ngozi. Pamoja na tofauti zao, mbinu zote nzuri zina kanuni moja: mzigo ubebwe na tabaka la ndani, ngozi ilazwe tu juu yake bila kuvutwa.

Ukiishika kanuni hiyo, karibu kila kasoro utaielewa. Anza na sikio. Ndewe iliyovutwa chini ikaungana na shavu, bila ule mpindo mdogo unaoitenga, inaonyesha kwamba ngozi ndiyo iliyobebeshwa uzito. Kigegedu kidogo kilicho mbele ya tundu la sikio kikilala mbele na kuliacha tundu wazi, sababu ni hiyohiyo. Kovu jembamba kwa kawaida halikuvutwa; kovu pana mara nyingi lilivutwa. Kwa mwanamume kuna jambo la ziada, maana ngozi yenye ndevu ikisogezwa ovyo ataanza kunyoa sikio.

Kisha panda kwenye nywele. Je, sharafa zipo mahali pake, au zimepandishwa hadi juu ya sikio na kuacha upara panjani? Nyuma ya sikio mstari wa nywele uende sawa, usiwe na ngazi. Hizi ndizo sehemu ambazo matangazo huzifunika kwa nywele zilizoachiliwa, kwa hiyo omba picha za mteja aliyefunga nywele nyuma.

Shingo ina vipimo vyake. Mwaka 1980 Ellenbogen na Karlin waliorodhesha alama za shingo ya ujana: ukingo wa taya unaoonekana wazi, kibonyeo chini ya mfupa wa juu ya koo, koromeo linalojitokeza kidogo, ukingo wa mbele wa msuli mrefu wa shingo, na pembe ya nyuzi 105 hadi 120 kati ya kidevu na shingo. Lakini pembe hiyo hudanganywa kirahisi. Kidevu kikiinamishwa katika picha ya kwanza na kuinuliwa katika ya pili, shingo imepona bila kisu. Linganisha pia taa na tabasamu, na utake picha za mbele, za ubavu na za mshazari.

Na jina la mbinu? Hapo ndipo biashara inapowapumbaza watu. Mwaka 1996 Ivy, Lorenc na Aston walichapisha utafiti ambamo kila mteja alifanyiwa mbinu moja upande mmoja wa uso na mbinu nyingine, kubwa zaidi, upande wa pili. Baada ya mwaka hawakuona tofauti. Hamra mwenyewe aliandika mwaka 1998 kuhusu mashavu yanayoonekana kufagiliwa kuelekea masikioni miaka kadhaa baada ya upasuaji, na mwaka 2002 akachapisha kwamba kuhamisha mafuta ya shavu kulifaulu kwa muda mfupi na kushindwa kwa muda mrefu. Daktari anayefuatilia kazi yake namna hiyo ana thamani kuliko anayetangaza mbinu yenye jina jipya.

Msomaji wetu wa Brooklyn Park au Blaine ana swali ambalo vitabu vingi huligusa juu juu: keloidi, yaani makovu yanayovimba. Ngozi nyeusi huwa nazo zaidi, na sikio ni mahali pake pa kupenda. Kama uliwahi kuota uvimbe pale ulipotoboa sikio, liseme hilo kabla ya jingine lolote. Omba kuona makovu ya wateja wenye rangi yako. Daktari asiye naye hata mmoja hana hatia, ila hajui bado, na usikubali kuwa darasa lake.

Sasa leseni. Bodi ya tiba ya Minnesota hutoa leseni ya udaktari kwa ujumla, na leseni hiyo haimfungi mtu kwenye fani moja. Kwa sheria, daktari wa fani nyingine kabisa anaweza kukaza uso. Kwa hiyo tazama mambo mawili: sajili ya bodi hiyo, iliyo wazi kwa kila mtu na inayoonyesha adhabu za kinidhamu, kisha cheti cha fani. American Board of Plastic Surgery, iliyoanzishwa mwaka 1937, ni kati ya bodi 24 za American Board of Medical Specialties. American Board of Cosmetic Surgery haimo, ijapokuwa jina lake linavutia vilevile. Wapo pia mabingwa wa masikio, pua na koo waliobobea katika upasuaji wa uso, na wengine ni hodari sana; nao wana bodi yao miongoni mwa zile 24.

Kwa kuwa bima hailipii urembo, hakuna mwingine atakayekuchunguzia. Uliza kama hospitali yoyote ya karibu, tuseme Mercy kule Coon Rapids, inamruhusu daktari wako kufanya upasuaji huohuo ndani yake. Uliza nani anatoa nusukaputi, na kama chumba cha upasuaji kimeidhinishwa na chombo cha nje. Uliza damu ikivilia chini ya ngozi usiku wa kwanza, tatizo ambalo ndilo la kawaida kuliko yote, nani atapokea simu na nani atakuja. Kama unavuta sigara na daktari hakukuamuru uache, ondoka: mwaka 1984 Rees na wenzake waligundua kwamba hatari ya ngozi kufa kwa wavutaji ni takriban mara 12 ya ile ya wasiovuta. Mambo haya si ya Marekani tu. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo.

Majira ya baridi ya Minnesota yana faida yake, maana kofia na skafu huficha michubuko bila mtu kuuliza. Lakini usiharakishwe na msimu wala na punguzo la bei. Nenda kwa madaktari wawili au watatu, na kila mmoja mwombe picha za wateja waliotimiza mwaka mzima, nywele zikiwa nyuma na masikio wazi. Asiyekuwa nazo, mshukuru, lipa ada ya mashauriano, urudi nyumbani na uso wako.