Pumzi ya Benzi

Tangu mto Sebeya ulipofurika usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, fundi wangu wa Mahoko, huku Rwanda, haanzi tena na boneti. Hufungua mlango wa nyuma, hupiga magoti, huvuta pembe ya zulia chini ya kiti, hunusa. Matope ya mto yana harufu yake, hukaa ndani ya sponji yakingoja siku ya jua, na hakuna sabuni inayoyafikia. Gari la kwanza nililompelekea lilikuwa jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Alinusa mara moja akasimama, akapangusa magoti.

"Hii ilishaoga mtoni, mwalimu."

Hatukufika kwenye bei.

La pili lilikuwa Mercedes-Benz 300E ya 1991, toleo ambalo wapenzi wake huliita W124. Ilikuwa imetoka Ubelgiji, viti vimechoka, rangi imefifia, zulia linanuka vumbi tu. Wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wenye ugonjwa huu wa magari ya kifahari hununua Mark X au Crown za Japani. Sisi njia hiyo imefungwa: Rwanda huendesha kulia mwa barabara, na mwaka 2005 ilikataza kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia. Anasa yetu ya mkono wa pili, basi, hutoka Ulaya. Kinyarwanda huita nguo za mtumba caguwa, yaani neno letu "chagua" lililohamia kwa jirani likabadilisha tahajia. Hunipendeza kwamba bidhaa imepewa jina la amri. Fundi huitii amri hiyo kwa chuma: alitumia asubuhi nzima kupima kompresheni ya silinda zote 6, akiandika namba kwa chaki sakafuni, kabla ya kuniruhusu nimpigie mwenye gari.

Nikalinunua, nikiwa na mipango. Turbo, ekzosi ya kunguruma, rimu kubwa. Mzee, ndivyo ninavyomwita fundi, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama ninajua gari langu lina farasi wangapi. Nikasema kama 180, ndivyo kiwanda kilivyoandika. Akacheka. Hesabu hiyo ni ya pwani. Uso wa Ziwa Kivu uko kama mita 1,460 juu ya bahari, na hapo mgandamizo wa hewa umekwisha kupungua kwa kama asilimia 15. Mahoko iko juu zaidi, na ukipanda kuelekea Mukamira unazidi kuiacha hewa nyuma. Injini isiyo na turbo huishi kwa pumzi inayopewa. Farasi 27 au zaidi wamebaki Mombasa, nami nimelipia zizi zima.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yake. Chini ya chujio la hewa la injini hii kuna kisahani cha chuma. Injini ikivuta, hewa hukisukuma, mkono wake huinua pini ndani ya kigawa mafuta, petroli huenda kwenye silinda. Hewa nyepesi ya mlimani hukidanganya kisahani: kinadhani imepita hewa nyingi kuliko ile iliyopita kweli, na petroli huzidi. Kompyuta ya gari hujaribu kusahihisha, lakini baada ya miaka thelathini hata yenyewe imechoka kubishana. Gari huzama kwenye mlima kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Mzee alisafisha kisahani, akaziba mipasuko ya mipira iliyokuwa ikinyonya hewa ya wizi, akabadilisha plagi, ndipo akachukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 3 wa kurekebisha kiasi cha petroli. Aliuzungusha kwa kiasi ambacho nisingekiita mzunguko; ungesema aliufikiria tu. Akasikiliza, akaurudisha nusu ya kile alichokwenda. Siku tatu baadaye alifungua plagi moja akanionyesha ncha yake: ilikuwa nyeusi kwa masizi, sasa ina rangi ya chai ya Pfunda iliyotiwa maziwa.

Wapenzi wa Benzi hupenda kunisimulia Spa, huko Ubelgiji, mwaka 1971, ambako gereji ndogo ya Wajerumani iitwayo AMG ilipeleka sedani nzito ya kifahari, 300 SEL, injini imetanuliwa hadi lita 6.8, ikamaliza ya pili katika mbio za saa 24. Kisa kizuri. Lakini nikiwa pale gerejini humkumbuka zaidi Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa jina. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za East African Safari kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imekwisha kuitumia. Wasimuliaji hukimbilia matope na ushindi. Mimi hukaa na zile siku za kabla, gari likiwa juu ya vigingi, mtu akilipapasa kujua limechoka wapi.

Turbo, Mzee alisema, itakuja gari likishajua kusimama. Barabara ya kutoka hapa kuteremka Gisenyi humfundisha mtu haraka thamani ya breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huvumilia nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishakunywa maji, kiwango chake huanzia 155 tu, na mvuke ukiingia kwenye bomba, pedali huenda sakafuni bila kukuaga. Akamwaga yote. Akafunga breki za mbele za ndugu yake mkubwa, 500E, na kwa hiyo rimu za inchi 15 zikatoka, zikaingia za 16. Ndizo rimu kubwa pekee nilizozipata, na zilikuja kwa sababu ya kusimama.

Kushusha gari nako kuna uungwana wake. Wapo wanaokata springi kwa msumeno wa umeme, na gari huruka matuta kama mbuzi. Juu ya springi za W124 kuna pete za mpira zenye vinundu, kuanzia kimoja hadi vinne, kila kinundu unene wake. Mzee alitoa za vinundu vitatu akaweka za kimoja. Hakuna kilichokatwa. Nikijuta, zinarudi.

Huwa ninaulizwa mwendo wote huu ni wa nini, na Sofia yupo. Sofia ndilo jina tulilozibandika kamera za barabarani, na vibao vinasema 60, kwingine 80. Basi waulizaji hao wafuate lori la viazi mlimani, nafasi ikifunguka kwa sekunde chache.

Jumapili tulishuka hadi ziwani na kupanda tena, Mzee kando yangu, macho yamefumba. Tulipofika Mahoko nilimtazama nikitaka sifa. Akateremka bila neno, akachuchumaa, akaisogeza nyuma ya kiganja karibu na rimu ya mbele kushoto. Akasubiri. Kisha akazunguka kwenda kuisikiliza ya kulia.