Harara Kwenye Ncha ya Ufa

Mpasuaji wa mawe wa Iringa hahitaji baruti ili aushinde mwamba wa itale, maana kuni, matairi chakavu na subira humtosha: hulaza moto juu ya uso wa jiwe kwa saa kadhaa, akangoja hata lianze kualika, kisha akapenyeza mtaimbo chini ya gamba lililoinuka na kulivunja kwa nyundo mpaka kokoto. Kazi hii, ambayo moshi wake mweusi ni dhara isiyo na udhuru kwa pafu la mwenye kuifanya, ina harara za namna mbili, na aghalabu watu huiona moja tu.

Ya kwanza ni dhahiri. Itale ni mchanganyiko wa chembe za kwatzi, feldispa na ulanga, ambazo hazitanuki kwa kadiri moja. Kwatzi hutanuka kuliko jirani zake, na joto lifikapo nyuzi 573 za Selsiasi hubadili mpangilio wake na kuvimba ghafla. Na kwa kuwa jiwe hupitisha joto kwa uvivu mkubwa, uso huwaka ilhali tumbo lingali baridi, basi tabaka ya juu, ikitaka kutanuka na isipate nafasi, hubanduka. Basalti ya Rungwe, mkoani Mbeya, haina kwatzi ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo sitaraji hila ya Iringa ifae sawasawa kwa jiwe la Mbeya.

Harara ya pili huzaliwa na ufa wenyewe. Mwingereza Griffith alionyesha mwaka 1921 kwamba ufa hukua pale nguvu iliyohifadhiwa katika kitu kilichovutwa inapokuwa ya kutosha kulipia nyuso mpya mbili. Lakini sehemu ya malipo hayo hugeuka joto papo hapo kwenye ncha, na mwaka 1975 watafiti wa Cambridge walipima plastiki ngumu ikipasuka kwa kasi, wakakuta ncha imepanda joto kwa nyuzi zipatazo 500.

Kwa nini jambo hilo lina uzito? Kwa kuwa vifungo vya atomu hukatwa kwa kani pamoja na mtikisiko wa joto, na joto likizidi kidogo, ukatikaji huzidi mno. Ufa uendao taratibu huiacha harara yake ipotee pembeni. Katika itale, kwa sekunde moja, joto husafiri takriban milimita moja tu. Ufa ulioitangulia kasi hiyo huichukua harara pamoja nao, ncha ikazidi moto, moto ukauzidishia mwendo, hata ule uliokuwa ukitambaa ukaruka. Vincent-Dospital, Toussaint na wenzao wa Strasbourg na Oslo waliiweka kanuni hiyo katika hesabu mwaka 2020, wakailinganisha na plastiki ngumu na utepe wa gundi unaobanduliwa. Itale, kwa wingi wa chembe na mipaka yake, ni mkaidi zaidi, nami singekubali kuipimia kwa kipimo cha utepe.

Ila hesabu yenyewe yamfaa mpasuaji. Moto wa matairi hudumu ndani ya mwamba kwa saa nyingi, lakini harara ya ncha hutoweka kabla nyundo haijainuliwa tena. Pigo la pili hukuta ufa umerefuka, wala halikuti moto wa pigo la kwanza. Basi apumzike apendavyo baina ya mapigo.