Kanisa la Greensted: Jinsi Ukuta wa Magogo Ulivyovuka Karne Tisa

Kanisa la Mtakatifu Andrea liko Greensted, karibu na mji mdogo wa Chipping Ongar katika jimbo la Essex, Uingereza. Ni kanisa dogo la parokia ya shambani, nalo hutajwa kuwa kanisa la mbao kongwe kuliko yote yanayosimama hadi leo. Sifa hiyo inahusu hasa kuta za sehemu wanapokaa waumini. Sehemu nyingine ziliongezwa baadaye.

Kuta hizo ni magogo ya mwaloni yaliyosimamishwa wima, moja kando ya jingine. Mafundi walipasua gogo katikati kwa kufuata nyuzi zake, wakaelekeza upande wa mviringo nje na upande bapa ndani. Upande wa ndani ulichongwa kwa tezo, na alama za makali yake bado zinaonekana. Kwenye kingo za kila gogo ulichimbwa mfuo, kisha kipande chembamba cha mwaloni kikapachikwa kati ya magogo mawili ili kuziba upenyo. Kwa njia hiyo upepo na mvua vilizuiwa.

Uchaguzi wa mti nao ulikuwa na maana. Kiini cha mwaloni kina tanini nyingi, hivyo wadudu na kuvu hukishambulia kwa shida. Kuupasua badala ya kuukata kwa msumeno huacha nyuzi zikiwa nzima, na maji hayapati njia rahisi ya kupenya.

Umri wa magogo ulitafutwa kwa kupima pete za ukuaji, ambazo upana wake hubadilika kulingana na hali ya hewa ya kila mwaka. Vipimo vya miaka ya 1960 vilitoa mwaka 845. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulisahihisha hesabu hiyo na kufikia mwaka 1053, ukiongezwa miaka 10 hadi 55. Kwa hiyo inaelekea kuta zilijengwa kati ya mwaka 1063 na 1108, nyakati za Wanormani kuiteka Uingereza.

Ibada mahali hapo ni ya kale zaidi. Chini ya sakafu ya altare yaligunduliwa mabaki ya majengo mawili ya mbao yanayokadiriwa kuwa ya mwisho wa karne ya 6 au mwanzo wa karne ya 7. Mapokeo yanasema mwili wa mfalme Mtakatifu Edmund ulilazwa Greensted mwaka 1013 ulipokuwa ukirudishwa katika mji wa Bury St Edmunds. Kama ni kweli, haukulazwa ndani ya kuta za sasa, kwa sababu zilikuwa hazijajengwa.

Kila zama iliacha vifaa vyake. Sehemu ya altare ilijengwa upya kwa matofali ya kuchoma karibu na mwaka 1500. Mnara umefunikwa kwa mbao za kupishana, na kengele yake ina maandishi ya mwaka 1618.

Hatari kubwa ilitoka ardhini. Kufikia katikati ya karne ya 19, ncha za chini za magogo zilikuwa zimeoza kwa unyevu. Katika ukarabati wa 1848 na 1849, mafundi walikata sehemu zilizooza, wakajenga msingi mfupi wa matofali, wakalaza juu yake boriti mpya ya mwaloni na kuyasimamisha magogo hapo. Kuta zikawa fupi kidogo, lakini mti haukugusana tena na udongo.

Kuta hizi basi zimedumu kwa mambo matatu: mti uliochaguliwa vizuri, viungo vilivyofungwa sawasawa, na vizazi vilivyokubali kubadilisha kilichooza ili kuokoa kilichobaki. Bila hilo la tatu, mawili ya kwanza yasingetosha.